Simu Ni ya Nani?

Mwaka jana nilipokuwa TP nilimponza mwanafunzi wangu kwa meseji moja. Sikukusudia, lakini kutokukusudia hakukumsaidia. Naandika haya kwa sababu muda si mrefu wenzangu wa Elimu watasambaa tena kwenye shule za Mwanza na mikoa ya jirani. Pia ni kwa sababu kila muhula hapa Malimbe tunaambiana kwamba teknolojia ya simu ndiyo itakayomkomboa mtoto wa kike. Mimi pia naamini simu inaweza kusaidia. Ila kuna swali moja hatuliulizi, na mimi nililiuliza nikiwa nimeshachelewa.

Shule ilikuwa ya kata, kando ya ziwa. Siitaji, wala wilaya siitaji, maana msichana mwenyewe yupo na watu wanamjua. Alikuwa kidato cha pili. Usiku wa Jumanne, saa tatu na kitu, nikiwa naandika andalio la somo, iliingia meseji kutoka namba nisiyoijua: “Madam ni mm wa 2B nakaaga mbele. Nimepitiliza wiki mbili. Naogopa nifanyaje.” Nilimjua hapohapo. Nikajibu kama mtu mwenye majibu: “Usiogope mdogo wangu, kesho tutaenda wote zahanati ukapime mimba. Usimwambie mtu.” Nikazima taa nikijiona mwalimu mzuri.

Kule mtandao unakuja na kuondoka. Simu aliyotumia ilikuwa ya kaka yake. Aliichukua kaka akiwa anaoga, akaandika, akafuta meseji yake, akairudisha mezani ilipokuwa. Yangu iliingia kaka ameshaishika. Ya kwake aliweza kuifuta. Yangu hakuweza.

Jumatano hakuja shule. Alhamisi alikuja na mkono umevimba, na hakuniangalia usoni. Jumatatu niliita jina lake mara mbili kwenye mahudhurio, wenzake wakaniambia kapelekwa kwa shangazi yake upande wa Sengerema. Siku chache baadaye mama yake alinikuta njiani natoka shule, yeye ana beseni la dagaa kichwani. Hakunigombeza. Aliniambia kwamba damu ilikuja Jumatano ileile, mchana, kipigo kikiwa kimeshapita. Hakuwa na mimba. Halafu akasema, “Sasa madam, si ungesubiri kukuche ukamwita?”

Sina cha kumjibu mpaka leo. Nilipiga 116 wiki nzima ikiwa imepita, nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii, nikaandika maelezo. Mazoezi yangu yalikwisha yeye akiwa hajarudi darasani.

Simu ya nyumba

Hapa chuoni mtu akisema “simu”, kila mmoja anafikiria ya kwake. Ina nywila, inafunguka kwa kidole, usiku inalala chini ya mto. Kwa hiyo tunapobuni kitu cha kumsaidia msichana, bila kujua tunambunia msichana anayefanana na sisi.

Sasa toka mjini kidogo. Nenda Igombe, nenda Kayenze, panda meli uende Ukerewe. Kule simu mara nyingi ni ya nyumba. Ni kitochi kimoja, kinakaa kwa baba au kaka mkubwa. Asubuhi kinapelekwa kibandani kuchajiwa, na mwenye kibanda naye anaona kinachoingia. Ikiita anapokea aliye karibu. Meseji inasomwa kwa sauti kwa sababu bibi haoni maandishi. Hakuna mtu anayehisi anavunja siri ya mtu, maana kwenye simu ile hakuna siri ya mtu. Ni kama ndoo ya maji, kila mwenye kiu anachota.

Sheria na kanuni nazo zinakwenda hivyohivyo. Mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari haruhusiwi kuja na simu shuleni. Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na kitambulisho hicho ni cha mwenye miaka 18 na kuendelea. Wa chini ya hapo anasajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi. Utaratibu huo una sababu zake, sibishani nao. Nasema tu kwamba hata msichana wa kidato cha pili akinunuliwa simu mpya kabisa, laini iliyomo ndani ni ya mtu mwingine.

Na hitaji lipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba wasichana 22 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Hao ndio umri wa watoto tunaokwenda kuwafundisha. Kwenye baiolojia, habari za uzazi zinakuja madarasa ya juu, na zinakuja kwa Kiingereza. Nimemwona binti anaandika ubaoni maneno yote ya mzunguko wa hedhi kwa Kiingereza bila kukosea herufi. Nikamuuliza kwa Kiswahili siku zinahesabiwa kuanzia wapi, akanyamaza. Siyo kwamba hana akili. Hajawahi kusikia mtu mzima akilisema jambo hilo kwa lugha anayoota nayo. Kwa hiyo binti akipata simu kwa dakika tano, na mwalimu mmoja ambaye hajamkaripia, anauliza. Wa kwangu aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Kuna upande mwingine ambao kwenye mashindano yetu ya ubunifu hauingii kwenye slaidi. Simu hiyohiyo ndiyo chambo. Sote tumekulia hukuhuku, tusidanganyane. Kuna kijana wa bodaboda anayesema “nitakuwekea vocha”. Kuna mwenye mtumbwi anayemnunulia binti wa watu simu ya mchina ili ampate hewani muda wowote. Kuna picha iliyopigwa kwa mapenzi ikageuka fimbo: usipokuja naisambaza. Binti wa namna hiyo ukimpa programu ya afya ya uzazi ndani ya simu aliyonunuliwa na mwanaume huyo, umempa huyo mwanaume kitu kingine cha kumpekulia.

Waliotutangulia

Hatuanzi sifuri, na hili linaniudhi kidogo ninapowasikia wenzangu wakisema “wazo letu ni la kwanza Tanzania”. Yapo yaliyofanyika, na yana mafunzo tukiyasoma vizuri.

Mwaka 2012 Wizara ya Afya na wadau wake walianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni. Ulikuwa unaandika neno “mtoto” unalituma kwenda 15001, bure, na unaanza kupokea meseji za Kiswahili kulingana na umri wa mimba: lini uende kliniki, dalili gani ni za hatari, ujiandae vipi kujifungua. Kitochi kilitosha, na bando halikuhitajika. Kampeni ile ilionyesha kwamba serikali na kampuni za simu zikikaa meza moja, meseji ya bure nchi nzima inawezekana. Ila mlengwa wake alikuwa mjamzito na familia yake, yaani mtu ambaye nyumbani wanajua hali yake na wanaitarajia. Meseji ikisomwa na mume, ni vizuri zaidi. Kwa binti wa 2B mambo ni kinyume chake.

Karibu na miaka hiyohiyo shirika la FHI 360 lilikuwa na huduma inayoitwa m4RH, Tanzania na Kenya. Yenyewe ilijibu maswali ya uzazi wa mpango. Unatuma neno, unaletewa orodha, unachagua namba, unajibiwa, na unaweza kuulizia kituo cha afya cha karibu. Wengi waliotumia Tanzania wakati wa majaribio walikuwa vijana, na wanaume hawakuwa wachache. Ninachokipenda pale ni kitu kidogo sana: jibu lilitolewa na mashine, kwa hiyo lilikuja papo hapo, kama mtandao upo, simu ikiwa bado mkononi mwa aliyeuliza. Pia lilizungumzia njia fulani ya uzazi wa mpango kwa ujumla. Halikusema “kesho tukapime mimba yako”. Mashine isiyomjua binti yule ingemficha vizuri kuliko mimi niliyemjua kwa sura na kwa jina.

Sogea ng'ambo ya pili ya ziwa, Kisumu. Mwaka 2017 wasichana watano wa sekondari, kundi lao likiitwa The Restorers, walitengeneza programu ya i-Cut kwa ajili ya wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Ina vitufe vya kuomba msaada, kuokolewa, kutoa taarifa. Walikwenda nayo Marekani kwenye mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 waliingia kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Jamii yao wenyewe haikeketi. Waliona yanayowapata wasichana wa jamii nyingine wakaamua kushughulika. Nawavulia kofia, maana walikuwa wadogo kuliko mimi nilivyo sasa. Lakini nikiisoma habari yao narudi kulekule: kitufe kinahitaji simu janja, simu janja inahitaji bando, na binti anayesubiri kisu usiku wa Desemba hana hata kimoja.

Sasa tuje jirani kabisa, Mara. Hapa ndipo nilipopata jibu langu.

Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta theluthi moja hivi ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa 10 kati ya 100. Msimu wake ni mwisho wa mwaka, shule zikifungwa. Msichana anayekataa hukimbia, mara nyingi usiku. Mama Rhobi Samwelly, ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto na nusura afe kwa kuvuja damu, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba salama Butiama na Mugumu. Wasichana hukimbilia huko.

Tatizo lao mojawapo halikuwa la kijinsia, lilikuwa la jiografia. Simu inaita usiku: kuna mtoto anakeketwa alfajiri, kijiji fulani, kitongoji fulani. Polisi na gari la shirika wanatoka, lakini vijiji vingi havikuwa kwenye ramani yoyote inayofaa. Barabara ipi? Mto unavukwa wapi? Mpaka wafike, kumekucha. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walikaa mbele ya kompyuta zao wakichora barabara na nyumba kutoka kwenye picha za setilaiti, na Watanzania waliokuwa vijijini wakaongeza majina ya vijiji, shule, zahanati na maduka kwa kutumia simu zao. Ramani ni ya wazi, yeyote anaitumia.

Halafu likaja lililo muhimu kuliko ramani. Shirika lilichagua watu wazima vijijini, likawapa simu janja na mafunzo, likawaita vinara wa kidijitali. Kinara akisikia kuna msichana yuko hatarini, au amepigwa, au anaozeshwa, yeye ndiye anayetuma taarifa kwa simu, na yeye ndiye anayemsaidia kufika polisi au nyumba salama.

Tazama vizuri kilichofanyika pale. Msichana hamiliki simu, hana nywila, hana bando, na hatakiwi kuwa navyo. Anachotakiwa kujua ni mlango wa nani agonge. Simu iko kwa mtu mzima ambaye hakuna atakayemuuliza kwa nini anaishika. Teknolojia ipo, tena ya hali ya juu, ya setilaiti kabisa, lakini hatua ya kwanza ni miguu ya mtoto na mlango wa jirani.

Hoja yangu yote ni hiyo. Huku kwetu kando ya ziwa, teknolojia ya kumlinda msichana iwekwe kwenye mkono wa mtu mzima anayeaminika, na msichana apewe njia ya kumfikia mtu huyo bila kuacha maandishi kwenye simu ya mwingine. Tukianza na simu mkononi mwa msichana, tunaanza na kitu ambacho hana.

Watakaopinga

Najua kuna wenzangu watasema nawarudisha wasichana nyuma. Wataniambia, “Tatizo ni kwamba hawana simu, basi wapewe simu.” Nakubali kwamba wasichana wanastahili kumiliki simu kama kaka zao. Siku hiyo ikifika nitafurahi. Ila binti wa leo ana tatizo leo, na hawezi kulisubirisha mpaka usawa ufike. Na simu mpya haifuti kaka ndani ya nyumba.

Wengine watasema mtu mzima wa kijijini ndiye tatizo lenyewe. Anatoa siri, ana undugu na mtuhumiwa, anahongwa samaki. Hii ni hoja nzito na sina majibu yote. Nilikaa kijijini miezi miwili tu, lakini niliona jinsi kesi zinavyomalizwa chini ya mwembe. Ndiyo maana lazima kuwe na njia ya pili isiyopita kwa mtu wa kijiji, na njia hiyo ipo: 116, Namba ya Taifa ya Huduma kwa Mtoto, inayoendeshwa na C-Sema. Ni bure, haihitaji vocha wala bando, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe kwa kitochi cha jirani. Namba iliyopigwa inaweza kubaki kwenye simu, ndiyo. Lakini maneno aliyoyasema hayabaki, na hakuna atakayeyasoma kwa sauti mezani.

Na kuna wazazi, nao ni wengi, wanaosema kumfundisha binti afya ya uzazi ni kumfundisha umalaya. Kwao nina swali moja la adabu tu: wale 22 katika kila 100 walifundishwa na nani? Kimya nacho kinafundisha.

Sisi tufanye nini

Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba arudi darasani. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inampeleka jela miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Kwenye ndoa, Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubaliana na Mahakama Kuu katika kesi ya Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo mwalimu anayempokea binti mwenye shida siku hizi hana haja ya kujificha. Anachokosa ni utaratibu. Mimi niliingia TP najua kuandika azimio la kazi la muhula mzima, lakini sijui nimjibu vipi mtoto mwenye hofu saa tatu usiku. Nawaomba viongozi wa serikali ya wanafunzi na Kitivo cha Elimu tufanye mambo haya kabla ya TP ijayo.

Kwanza, tuwe na kikao cha nusu siku kwa kila anayekwenda kufundisha. Aje afisa ustawi wa jamii, aje askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, aje mtu wa Kivulini, shirika ambalo limekuwepo hapahapa Mwanza tangu 1999 likitetea haki za wanawake na wasichana. Watufundishe kitu kimoja: mwanafunzi akikuambia jambo, dakika kumi za kwanza unafanya nini na hufanyi nini. Kanuni ya kwanza naitoa mimi, nimeilipia, ingawa aliyelipa zaidi ni mwingine: usijibu kwa meseji kwenye simu usiyoijua ni ya nani. Subiri kukuche umwite. Kama hatari ni ya usiku uleule, piga 116 wewe mwenyewe, kwa simu yako.

Pili, kila mwalimu wa TP akifika shuleni aandike 116 mahali ambapo wasichana wanaisoma bila kuonekana wanaisoma. Kwenye ubao wa matangazo mbele ya ofisi ya walimu hapafai. Nyuma ya mlango wa choo cha wasichana panafaa. Kwenye boksi la pedi la matroni panafaa. Halafu darasani waifanyie mazoezi mpaka waijue kwa kichwa, kama wanavyojua jedwali la tatu.

Tatu, wana wa kompyuta na wa biashara wanaoshindana kubuni, tuwabadilishie masharti ya kushinda. Majaji waulize maswali matatu. Je, inafanya kazi kwenye kitochi kisicho na bando? Baada ya kutumika, kinabaki nini kwenye simu na nani atakiona? Saa tano usiku mtoto wa Ukara akiomba msaada, nani hasa ataamka, na atakwenda kwa chombo gani? Asiyejibu la tatu arudi akajipange. Najua maswali haya yatapunguza idadi ya washindani. Sawa tu.

Nne, kwa wale wanaotaka kufanya kitu kikubwa zaidi: tuibe wazo la Mara. Kwenye kila mwalo kuna wanawake wenye simu zao na wanaojulikana na kila mtu. Ni wanaoanika dagaa, mama lishe, wakala wa kutuma na kutoa pesa. Wakala hasa, maana msichana akisimama kwenye dirisha lake hakuna atakayeshangaa. Kila mtu anasimama pale. Wanawake wawili kwa kila mwalo, wakafunzwa, wakaunganishwa na ustawi wa jamii na zahanati. Siyo mradi wa mabilioni. Kundi la wanachuo kumi na mwaka mmoja wa kujitolea linaweza kuanza na mialo mitatu na kuona kinachotokea.

Kuhusu mimi, nimebakiza TP moja. Wiki ya kwanza nitawaambia wanafunzi wangu kwamba anayetaka kuniuliza jambo asinitumie meseji. Aandike kwenye karatasi ndogo, aiweke katikati ya daftari la mazoezi akilikusanya pamoja na ya wenzake. Nitasoma nikisahihisha, nitamwita kwa kisingizio cha kosa la sarufi, na karatasi nitaichoma. Ni njia ya zamani, haitashinda tuzo popote. Ila nimefuatilia safari ya daftari pale shuleni: linatoka mkononi mwa mwanafunzi linakuja kwangu, na kaka yake halihitaji.